Msuguano Ndani ya Soketi ya Mguu Bandia: Mahali pa Kuutunza na Mahali pa Kuupunguza

Mvaaji wa mguu bandia anapolalamika kwamba mguu unamsugua, tiba za kwanza zinazofikiriwa huwa ni zile za kulainisha: mafuta kidogo, poda, au soksi nyingine juu ya ile ya kwanza. Zinaweza kumpa nafuu ya saa chache. Lakini mara nyingi huondoa msuguano mahali ambapo mguu ulikuwa ukiutegemea ili usimame, na uzito uliokuwa umetandazwa juu ya eneo pana la ngozi huhamia kwenye sehemu chache zenye mfupa, kisha maumivu hurudi mahali pengine yakiwa makali zaidi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutofautisha msuguano unaobeba na msuguano unaochubua, pamoja na hatua zinazofaa kutangulia kabla mtu hajapaka au kubandika chochote. Umeandikwa kwa ajili ya wavaaji na wale wanaowahudumia. Pale ambapo kazi ni ya mtaalamu wa viungo bandia peke yake, itasemwa hivyo.

Kazi ambayo msuguano unaifanya

Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, huingia ndani ya soketi, ambayo ni kikombe kigumu kilichofinyangwa kulifuata umbo lake. Kati ya viwili hivyo kwa kawaida huwa kuna laina, ambayo ni mfuko laini wa silikoni, jeli, poliurethani au sponji iliyoshindiliwa, pamoja na soksi moja au zaidi. Kila mvaaji anapokanyaga, uzito wake hukisukuma kigutu kizame. Kila anapouinua mguu, uzito wa mguu bandia huuvuta utoke. Wakati wa kukanyaga, mambo mawili hukizuia kigutu kisizame: kuta za soketi zinazokigandamiza, na msuguano unaoizuia ngozi isiteleze juu ya kuta hizo.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuseme kigutu kina umbo la koni, kuta za soketi zimeinama digrii 10 tu kutoka wima, na nguvu inayoshuka ni nyutoni 700, ambayo ni takriban uzito wa mtu wa kilo 71. Kama hakuna msuguano wowote, kuta zitalazimika kukigandamiza kigutu kwa jumla ya nyutoni zipatazo 4,030 ili kisizame, kwa sababu ukuta uliokaribia wima husukuma kwa upande zaidi kuliko kwenda juu. Kipimo cha msuguano kikiwa 0.5, maana yake msuguano unaweza kufikia nusu ya nguvu inayogandamiza, na jumla hiyo hushuka hadi nyutoni 1,050 hivi. Kigutu halisi hakina umbo la koni. Kina kano iliyo chini ya pia ya goti ambayo inaweza kuegemea sehemu ya soketi iliyobonyezwa kwa ndani, kina misuli na mifupa isiyolingana, na wakati mwingine ncha yake nayo hupokea sehemu ya uzito. Hata hivyo mwelekeo haubadiliki: ukipunguza msuguano kila mahali kwa pamoja, lazima shinikizo lipande mahali fulani.

Vipimo vilivyochukuliwa kwenye ngozi ya watu kwa kutumia vifaa vya ndani ya soketi vimetoa wastani usio mbali na 0.5, nailoni ikiwa upande wa chini, karibu 0.4, na silikoni ikiwa juu, karibu 0.6. Tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa, na hata kwa mtu mmoja kipimo hubadilika kulingana na unyevu wa ngozi. Kwa sababu hiyo, ushauri uliomfaa mvaaji mmoja usichukuliwe kama kanuni ya wote.

Gharama yake kwa ngozi

Weka kidole juu ya mgongo wa kiganja chako, bonyeza kidogo, kisha kisogeze mbele bila kukiacha kiteleze. Ngozi inakifuata kidole, inajikunja mbele yake na kukazika nyuma yake, huku mifupa iliyo chini ikibaki palepale. Ndivyo inavyokuwa ndani ya soketi yenye msuguano mkubwa. Juu ya ngozi hakuna kinachosugua, lakini tabaka za chini zinakokotwa kinyume cha mfupa. Mahali penye nyama nene mkokoto huo hugawanyika katika kina kirefu na ngozi huustahimili. Mahali ambapo ngozi imelala juu ya mfupa bila nyama ya kutosha, au ambapo kovu limegandana na mfupa, hakuna kina cha kuugawa, na tabaka jembamba la ngozi hubeba yote.

Lengelenge la msuguano huanzia hapo. Seli za tabaka la juu la ngozi hukokotwa huku na huku mpaka zinaachana kwa ndani, kisha uwazi uliopatikana hujaa majimaji. Mkokoto huo pia huifanya mishipa midogo ya damu izibe kwa shinikizo dogo kuliko lile ambalo lingehitajika kama ngozi ingebanwa tu bila kuvutwa. Ndiyo maana sehemu iliyobanwa kiasi cha kuvumilika inaweza kuharibika ikiwa pia inavutwa kila hatua.

Msuguano mdogo mno nao una madhara yake. Ngozi huteleza juu ya laina maelfu ya mara kwa siku, hapo tabaka la nje huchubuka, au baada ya muda hujenga sugu na kukakamaa. Mvaaji husikia mguu ukishuka na kupanda, hupoteza imani nao, na huanza kutembea kwa kuukaza mwili. Kutokana na hayo, jambo la kujiuliza kila mara ni: msuguano uko wapi, na mtelezo unatokea kati ya nini na nini? Juu ya nyama pana ya nyuma ya muundi au ya paja, acha msuguano ufanye kazi yake. Juu ya kichwa cha fibula (mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti), ukingo wa mbele wa muundi, ncha za mifupa iliyokatwa na makovu, upunguze. Na kama mtelezo hauepukiki, uelekeze utokee kati ya kitambaa na kitambaa, mbali na ngozi.

Kwanza soma ngozi

Vua mguu baada ya matembezi ya kawaida, ukae mahali penye mwanga, na ukitazame kigutu chote mara moja, kwa sababu alama nyingi hufifia haraka. Tumia kioo kidogo kwa upande wa nyuma na kwa ncha. Mtu aliyepungukiwa na hisia kwenye ngozi, kama wanavyokuwa wengi wenye kisukari cha muda mrefu, hawezi kuyategemea maumivu kama onyo. Kwake ukaguzi huu ni wa kila siku bila kuruka.

Wekundu unaofifia ndani ya dakika 10 hivi na ulioenea juu ya sehemu zinazokusudiwa kubeba uzito ni wa kawaida. Unaobaki muda mrefu kuliko huo, au ulio juu ya mfupa, unahitaji kufuatiliwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi wazi, na maelezo mengi ya kitabibu hulisahau jambo hili. Hivyo linganisha rangi na ngozi ya jirani, kisha pitisha mgongo wa mkono uone kama kuna sehemu yenye joto zaidi, iliyovimba au iliyo ngumu kuliko nyingine.

Umbo la alama hueleza chanzo. Doa la mviringo lenye mipaka dhahiri juu ya mfupa mara nyingi ni shinikizo, na kulainisha uso hakutaliondoa. Mchubuko mrefu uliofuata mwelekeo wa mguu, au lengelenge, ni dalili ya mkokoto au mtelezo. Mstari mwembamba unaozunguka sehemu ya juu umetokana na ukingo wa soketi au mkunjo wa laina. Vipele vidogo kwenye vitundu vya nywele hutokea pale joto, jasho na msuguano vinapokutana, na huzidi kwa mtu anayenyoa kigutu, kwa kuwa ncha za nywele zilizokatwa husukumwa kurudi ndani ya ngozi. Ni heri kuacha kunyoa. Ncha ya kigutu iliyokuwa na rangi ya zambarau au kahawia, iliyojaa na kukaza, kwa kawaida inamaanisha kwamba haigusi chini ya soketi na inavutwa na ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa. Hali hii ikiachwa kwa miezi ngozi hugeuka kuwa nene na yenye vinundu kama chunjua, nayo haitibiwi kwa kitu chochote cha kupunguza msuguano. Inahitaji ncha ipate mguso.

Andika pia wakati. Tatizo linaloanza asubuhi baada ya hatua za kwanza kwa kawaida linahusu namna mguu ulivyovaliwa au umbo la soketi. Linaloanza alasiri kwa kawaida linahusu kupungua kwa ujazo wa kigutu, au jasho.

Pima kupanda na kushuka

Vaa mguu kama kawaida, simama uzito ukiwa umegawanyika sawasawa, kisha mtu mwingine achore kwa kalamu mstari mwembamba juu ya laina au soksi, akifuata ukingo wa soketi. Inua mguu kutoka sakafuni na uuache uning'inie kwa uzito wake. Mstari utaachana na ukingo. Kanyaga tena kwa uzito wote wa mguu huo, na uangalie kama mstari unazama chini ya ukingo. Mwachano wa milimita chache hutarajiwa, kwa sababu nyama na laina hunyumbuka. Ukiona upana wa kidole, usianze kufikiria mafuta wala viraka. Mguu haujashikiliwa vya kutosha, au soketi imekuwa kubwa. Wanaotumia mkono wa mpira, yaani mfuko ulio wazi pande mbili kama mkono wa shati, unaofunika ukingo hawawezi kuona mstari huo, na kwao mtaalamu hutumia soketi ya majaribio ya plastiki inayoonyesha ndani.

Kwa ncha kuna jaribio jingine rahisi. Finyanga kigololi cha udongo laini wa kuchezea, kikubwa kuliko punje ya mahindi kidogo, ukifunge kwa karatasi nyembamba ya plastiki, ukidondoshe chini ya soketi, vaa mguu na utembee hatua chache. Kikitoka kama kilivyoingia, ncha haigusi. Kikitoka kimebonyea kiasi, mguso upo. Kikitoka kimekuwa bapa kama sarafu, kigutu kinagonga chini, jambo ambalo kwa kawaida hutokea pale kuta haziwezi tena kukibeba, ama kwa sababu ya ujazo uliopungua au kwa sababu msuguano umeondolewa kupita kiasi. Kama laina ina pini ya kufungia, inayoingia kwenye kufuli iliyo chini ya soketi, jaribio hili mwachie mtaalamu, kwani udongo ukiingia kwenye kufuli unaweza kuizuia.

Ujazo kabla ya uso

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Kigutu hubadilika ujazo ndani ya siku moja, mara nyingi kikipungua kadiri mtu anavyotembea, na hupungua zaidi katika miezi ya kwanza baada ya upasuaji. Kigutu kikipungua, nguvu ya kuta hupungua pia, na kwa kuwa msuguano ni sehemu ya nguvu hiyo, nao hupungua. Mtelezo huanza. Mvaaji anasikia kusuguliwa na anadhani msuguano umezidi, ilhali kilichotokea ni kwamba umepungua.

Dawa ya hali hiyo ni soksi za kigutu, zinazotengenezwa kwa unene tofauti unaohesabiwa kwa idadi ya nyuzi: 1, 3, 5 na kuendelea. Ongeza unene mdogo kwanza, tembea dakika chache, kisha upime tena kwa mstari wa kalamu. Kwa mguu uliokatwa chini ya goti, soksi zikiwa chache mno mvaaji huzama, pia ya goti hugusa sehemu ambayo ingepaswa kuwa chini yake, na ncha huuma. Zikiwa nyingi mno, kigutu hukaa juu kuliko mahali pake, ncha hupoteza mguso, na sehemu za soketi zilizopanuliwa kuilinda mifupa hukutana na nyama badala ya mifupa. Mvaaji anapohitaji soksi zenye jumla ya nyuzi 10 hadi 15, umbo la soketi limeshaachana na umbo la kigutu, na ni wakati wa kumwona mtaalamu aijaze au atengeneze nyingine. Mshono wa soksi uwe upande wa nje, na kusiwe na mkunjo hata mmoja, kwa kuwa mkunjo wa kitambaa chini ya mzigo hukata ngozi ndani ya saa chache.

Baada ya ujazo, angalia namna mguu unavyoshikiliwa. Laina ya pini hushika kwa ncha tu, na wakati mguu unapoinuliwa, uzito wote huivuta ngozi ya ncha kwenda chini, kisha huiachia mguu unapokanyaga. Kigutu chenye kovu jembamba pale chini huumia kwa kuvutwa huko hata kama soketi inakaa vizuri. Laina yenye midomo ya kuziba hewa, au mfumo wa ombwe, hutandaza mvuto huo juu ya eneo pana, na kwa mtu wa namna hiyo kuubadili mfumo kunaweza kufaa kuliko kubandika chochote. Kazi hiyo ni ya mtaalamu, lakini mvaaji anaweza kuiomba akiwa na sababu mkononi.

Kuvaa

Sehemu kubwa ya mkokoto wa siku nzima huingizwa ndani ya soketi katika dakika mbili za asubuhi. Msuguano ukishaishika ngozi, hauiachii. Ngozi iliyoingia ikiwa imevutwa kwenda juu au imejikunja itabaki hivyo mpaka mguu uvuliwe, hata kama mvaaji hatapiga hatua hata moja.

Laina ya silikoni au jeli igeuzwe ndani nje kabisa, sehemu ya chini iwekwe katikati ya ncha ya kigutu bila hewa kubaki, kisha ifunguliwe taratibu kwenda juu kwa viganja, si kwa kucha. Ivingirishwe tu, isivutwe. Ukiivuta ili ifike juu zaidi, inanyooka, na kisha hutumia siku nzima kujaribu kurudi ilikotoka, ikiikokota ngozi pamoja nayo. Mahali pa kuonea kosa hili ni ukingo wa juu wa laina, ambapo malengelenge madogo hupangana kwa mstari. Kama kuna pini, hakikisha inafuata mhimili wa kigutu, kwa sababu ikielekea pembeni huizungusha ngozi wakati wa kuingia kwenye kufuli.

Goti likunjwe kidogo wakati wa kuingiza kigutu, kisha simama, hamisha uzito mara kadhaa huku na huku, keti, na usimame tena. Ukisikia mvuto upande mmoja wa ngozi, vua na uanze upya. Mvuto huo hautajirekebisha njiani. Kwa mguu uliokatwa juu ya goti na soketi ya kunyonya, yaani inayoshika kigutu kwa ombwe, ngozi huvutwa ndani kwa kitambaa chepesi cha nailoni kinachotolewa kupitia tundu la vali, au hupakwa kilainishi maalumu ambacho hukauka baadaye na kuuachia msuguano urudi. Hapa kulainisha kunafaa kwa sababu ni kwa muda tu. Mafuta mazito ya mgando hayakauki, na baadhi yake huharibu laina. Nyama ya kinena iingizwe yote. Inayobaki nje hujikunja juu ya ukingo na kuchubuliwa kila hatua.

Kuchagua kinachogusana na nini

Soksi nyembamba ya nailoni ikivaliwa moja kwa moja juu ya ngozi, na soksi ya pamba au sufu juu yake, mtelezo mdogo usioepukika hutokea kati ya vitambaa viwili, na ngozi hutulia. Ni mbinu ya zamani, nyepesi, na kwa soketi yenye laina ya sponji bado ni mojawapo ya zile ninazozipendekeza mapema. Haifai kuvaliwa ndani ya laina ya silikoni au jeli iliyotengenezwa igusane na ngozi, kwa sababu mshiko ambao laina hiyo inautegemea utapotea, na soketi za kunyonya zitavuja hewa. Laina yenye kitambaa upande wa nje hupeleka mtelezo upande huo, mbali na ngozi, na hivyo ngozi na laina husogea pamoja.

Kuna pia viraka vyembamba vyenye uso wa PTFE, ile plastiki inayotumika kwenye vikaango visivyogandisha. Hubandikwa ndani ya soketi au juu ya laina ya sponji, kamwe si kwenye ngozi, na faida yake ni kwamba hupunguza msuguano mahali palipochaguliwa bila kuongeza unene unaohisika. Kupata mahali penyewe, paka rangi ya mdomo juu ya sehemu inayouma, kwenye laina au soksi ya nje, vaa, kanyaga, vua. Doa litakaloachwa kwenye soketi ndilo katikati ya kiraka. Kata kiraka kikubwa kidogo kuliko doa, kiwe cha mviringo au cha yai, kwa kuwa pembe huanza kubanduka na ukingo uliobanduka ni chanzo kipya cha mchubuko. Safisha uso kwa spiriti, uache ukauke, kisha ubandike kwa kusukuma kutoka katikati kwenda nje.

Kiraka hicho kisiwekwe chini ya pia ya goti ambapo kano inabeba, wala nyuma kwenye nyama pana, wala kuzunguka soketi yote. Ukikiweka juu ya sehemu inayobeba, sehemu hiyo itaacha kubeba. Baada ya kukibandika rudia mstari wa kalamu: kama kushuka kumeongezeka, kiraka ni kikubwa mno au kimewekwa mahali pasipofaa.

Historia ya soketi za chini ya goti inaweza kusomwa kama mabadiliko ya maoni juu ya jambo hilihili. Soketi iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1950 iliuelekeza uzito kwenye sehemu chache zilizochaguliwa, hasa kano ya chini ya pia ya goti. Laina ya silikoni iliyoletwa na Össur Kristinsson wa Iceland katika miaka ya 1980 ilifungua njia ya kuutandaza juu ya uso wote wa kigutu, na bila mshiko wa silikoni kwenye ngozi njia hiyo isingewezekana.

Jasho

Ngozi kavu kabisa ina msuguano mdogo. Ikipata unyevu kidogo hulainika, hugusana na laina kwa eneo kubwa zaidi, na msuguano hupanda. Hapo ndipo malengelenge huja kwa wingi. Jasho likizidi mpaka likawa utando wa maji kati ya ngozi na laina, msuguano huporomoka na mguu huanza kuteleza. Mvaaji mmoja anaweza kuzipitia hali zote tatu kabla ya saa sita mchana, na tiba ya moja haiwezi kuwa tiba ya nyingine.

Kwa hiyo oga na uoshe kigutu jioni, sio dakika chache kabla ya kuvaa, maana ngozi iliyolowa huvimba kidogo na kugandana na laina. Mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe usiku ili yafyonzwe kabla ya asubuhi. Panga kuvua mguu katikati ya siku, ukaushe ngozi na upande wa ndani wa laina kwa kitambaa safi, kisha uvae upya. Kwa mtu anayetokwa na jasho sana hatua hii hushinda bidhaa nyingi. Dawa ya kuzuia jasho yenye chumvi za alumini hupakwa usiku kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda, na huoshwa asubuhi. Poda haifai ndani ya laina ya jeli au silikoni: ikikutana na jasho huganda kuwa chembe ngumu, na chembe hizo husaga ngozi. Laina ioshwe kila siku kwa sabuni isiyo kali, isuuzwe mpaka utelezi wote uishe, kwa sababu mabaki ya sabuni huwasha na hubadilisha mshiko.

Yanayobaki kwa mtaalamu

Mkokoto mwingine hautoki kwenye uso kabisa. Unyayo wa bandia ukiwa umewekwa nje mno au ndani mno, soketi hupinduka kila unapokanyaga, na ngozi husuguliwa juu upande mmoja na chini upande wa pili. Alama mbili zinazokaa kinyume namna hiyo ni kidokezo cha mpangilio wa mguu, na hakuna laina itakayozizima. Kisigino kigumu mno huusukuma muundi mbele kwa ghafla. Kiatu kipya chenye kisigino kirefu kuliko cha awali hufanya vivyo hivyo, na mvaaji huenda asikihusishe kabisa na kidonda kilichotokea. Soketi inayojizungusha kwenye kigutu wakati wa kugeuka huacha michubuko ya mshazari.

Mtaalamu abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Akichonga sehemu ya kichwa cha fibula, akaongeza soksi na kubandika kiraka katika kikao kimoja, nafuu ikija hatajua imetoka wapi, na ikirudi nyuma hatajua aanzie wapi. Soketi mpya ivaliwe saa moja au mbili siku ya kwanza, ngozi ikaguliwe, kisha muda uongezwe kidogo kidogo.

Wakati wa kuuvua na kuuacha

Lengelenge lisitoboliwe nyumbani, na mguu usivaliwe juu ya ngozi iliyofunguka, hata kama ngozi hiyo imefungwa bendeji nene, kwa sababu bendeji huongeza shinikizo palepale penye jeraha. Wekundu unaosambaa, usaha, harufu mbaya, homa au uvimbe wa ghafla vinahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo. Kidonda cha mtu mwenye kisukari au mwenye mzunguko hafifu wa damu kitazamwe na mhudumu wa afya hata kama hakiumi.

Unapokwenda kwa mtaalamu, nenda na mguu, laina, soksi zote unazozitumia na kiatu unachokivaa siku nyingi. Chukua picha za alama zilizopigwa mara tu baada ya kuvua na nyingine dakika 10 baadaye, pamoja na maelezo ya saa tatizo linapoanza, unene wa soksi uliokuwa umevaa, na umbali ambao mstari wa kalamu uliachana na ukingo.